Rafiki wa Ghorofa Sita

Wasanii wenzangu, wazazi wetu, na nyote mliofika jioni hii, asanteni.

Nimekuja na mtu mmoja na ukuta mmoja. Mtu ni Kent Twitchell, mchoraji wa kuta wa Los Angeles, Marekani. Mwaka 1978 alianza kumchora mchoraji mwenzake, Ed Ruscha, kwenye ubavu wa jengo katikati ya jiji. Akamsimamisha mwili mzima, ghorofa sita kwenda juu, kama mita 21. Alimaliza mwaka 1987. Miaka 9, jamani, kwa mtu mmoja.

Tukae kidogo kwenye hizo mita 21. Kichwa cha mtu mzima huingia kama mara saba na nusu katika urefu wake. Kwa hiyo kichwa cha Ruscha yule kilikaribia mita tatu, kumzidi kimo aliyekuwa akikichora, na jicho moja lilifika kama sentimita 40. Ukiwa juu ya jukwaa, uso umekaribia ukuta, jicho hulioni. Unaona doa la rangi, doa jeusi, chembe ya weupe. Kurudi nyuma hatua mbili utazame huwezi. Nyuma yako ni hewa tupu. Ndiyo maana wachoraji wa kuta huigawa picha ndogo kwa miraba, wakaugawa na ukuta vivyo hivyo, wakahamisha mraba mmoja mmoja. Kisha unashuka, unavuka barabara, unageuka. Hapo ndipo unapojua kama rafiki yako yupo au umechora mtu baki.

Na rafiki ni mgumu kumchora! Kiongozi ukimkosea kidevu, wengi hawatagundua. Rafiki atapita pale mwenyewe, na mama yake atapita.

Wala Twitchell hakumchora Ruscha peke yake. Mwaka 1984, Olimpiki ilipofanyika jijini humo, aliwachora wasanii Lita Albuquerque na Jim Morphesis kwenye barabara kuu, wakitazamana, magari yakipita katikati yao. Kuta za namna hiyo tumezizoea kwa matangazo ya biashara na sura za wakubwa. Yeye aliwapa watu wa kazi yake, walio hai, wanaosumbuka na rangi kama yeye. Mimi naiona hiyo ni heshima kubwa kuliko tuzo, maana anayekupa anajua kazi yako inavyouma.

Ila ukuta una mwenyewe. Juni 2006, Ruscha alipakwa rangi juu, akafutika, bila mchoraji kuarifiwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inamtaka mwenye jengo, pale kazi inapoweza kuondolewa bila kuharibika, amwarifu msanii kwa maandishi na kumpa siku 90 aiokoe au agharimie kuiondoa. Twitchell alikwenda mahakamani, na mwaka 2008 pande zote zikakubaliana alipwe dola milioni 1.1. Fedha nyingi, sikatai. Lakini ile miaka 9 iko chini ya rangi, na kila nikiiwaza moyo unaniuma.

Mwaka 2019 alimchora Ruscha tena, kwenye ukuta wa American Hotel, katika mtaa wa wasanii wa jiji lile lile. Mara ya kwanza alipoanza, Ruscha alikuwa na miaka 40. Safari hii alikuwa na 81, na Twitchell mwenyewe ameshavuka 75.