Sahani ya Tano

Wazee wetu, akina mama, vijana, asanteni kwa kufika kuzungumza juu ya ndugu wanaoadhibiwa kwa sababu ya aliyekimbia nchi.

Nianze na sahani. Mwaka 1981, hapa hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, baba alikuwa ameshavuka mpaka kwenda Zaire, Kongo ya leo. Usiku mmoja askari wakaingia kwetu. Mmoja alichuchumaa kando ya kichanja, akahesabu sahani zilizooshwa, kisha akamtazama mama na sisi watoto watatu. "Mko wanne. Hii ya tano ya nani?" Mama akasema ya mgeni. Akapigwa kofi mbele yetu. Tangu siku ile sahani ya baba ilikaa ndani ya gunia la mtama.

Nyinyi watu wa West Nile, mkoa wetu huu, hamhitaji kuhadithiwa. Rais Idi Amin alipoanguka 1979, jeshi lililofuata lilituona sote kuwa jamaa wa askari wake. Ombaci, hapa karibu, Juni 1981, raia waliokimbilia misheni waliuawa humo humo. Na wenzetu wa Kampala enzi hizo walikuwa na "panda gari", misako ya askari waliowaamuru watu kupanda malori. Inaniuma kwamba maneno hayo ni Kiswahili, lugha hii tunayopendana nayo leo.

Kizza Besigye, mpinzani wa Rais Museveni, alipokimbilia Afrika Kusini 2001, ndugu yake Joseph Musasizi Kifefe alikuwa nyumbani. Baadaye Kifefe alishtakiwa kwa uhaini, akawekwa gereza la Luzira. Serikali ilidai ni mwasi wa kundi la PRA. Alifariki 2007, kesi haijaisha.

Wanaotutawala wanaujua uchungu huu. Museveni alipokuwa msituni akipigana, mkewe na watoto waliishi Nairobi, kisha Sweden, mbali na mikono ya serikali ya wakati ule. Kwa nini basi mama wa mkimbizi wa leo asiachwe alale?

Nimekaa na mama mmoja ambaye mwanawe yuko Ulaya na huandika mtandaoni. Aliitwa "kwa mazungumzo tu". Simu yake ikawekwa mezani, sauti ikafunguliwa, akaamriwa: mpigie, mwambie afute. Mtoto alipopokea, mama alishindwa kusema. Alilia tu, na wenye ofisi wakaona kilio kile kinatosha.

Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 23, inataka anayeshukiwa kwa kosa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na ndugu yake ajulishwe aliyekamatwa akiomba. Ndugu, katika ibara ile, ni mtu wa kupewa habari. Hakuna panapomfanya rehani ya mwanawe.

Nilimshauri yule mama: ukiitwa tena usiende peke yako, mwachie wakili au mchungaji jina la mahali unapokwenda, andika saa uliyoingia. Akasikiliza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Na mwanangu akipiga mwenyewe, nipokee?"

Pokea, mama. Muulize amekula nini.