Masta ya Nini Ghalani?

REHEMA: Karibuni tena. Mazengo, leo usinicheke.

MAZENGO: Nimeshacheka tangu Jumanne, dada. Waeleze.

REHEMA: Niliomba kazi ya kutunza ghala, kiwanda kimoja cha kukamua alizeti hapa hapa mjini. Tangazo linasema kidato cha nne, ujue kompyuta, basi. Nikaitwa. Yule bwana akafunua faili, karatasi moja moja, akafika kwenye cheti cha masta cha UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, akalifunga. "Mama, umekuja kuomba kazi au kutukagua?"

MAZENGO: Hapo ndipo ninapofia mimi!

REHEMA: Nikamjibu nimekuja kuomba. Akasema, "Ajira Portal, wale wa ajira za serikali, wakikuita kesho, funguo za ghala utamwachia nani?"

MAZENGO: Na wakikuita, huendi?

REHEMA: Hoja siyo hiyo.

MAZENGO: Ndiyo yenyewe! Mtu akufundishe leja, akuonyeshe nani anachukua mashudu kwa mkopo, halafu mwezi wa pili uko Mtumba kwenye ofisi za serikali, na kitambulisho shingoni.

REHEMA: Na wa kidato cha nne haondoki? Apate bodaboda ya mkataba uone. Huyo mbona haulizwi?

MAZENGO: Mimi ningeificha hiyo masta.

REHEMA: Halafu ile miaka niiweke wapi?

MAZENGO: Ulikuwa unalima zabibu Hombolo.

REHEMA: Zabibu!

MAZENGO: Nani Dodoma hana shangazi mwenye shamba la zabibu?

REHEMA: Haya, mimi ndiye yule bwana. Ulivuna lini?

MAZENGO: Mwezi wa nane.

REHEMA: Na msimu mwingine? Hapa zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Huo wa Februari, Machi ulikuwa wapi?

MAZENGO: Nilichelewa kupogoa.

REHEMA: Kwa nini?

MAZENGO: Mkasi aliazima shangazi.

REHEMA: Toka nje. Anayefuata!

MAZENGO: Subiri, basi nilikuwa nauza mchuzi.

REHEMA: Wa kuku?

MAZENGO: Wa zabibu, dada! Ule wanaonunua wenye viwanda vya mvinyo.

REHEMA: Lita ngapi? Risiti ziko wapi? Mtunza ghala gani huyu hana hata risiti moja?

MAZENGO: Ziko kwa shangazi.

REHEMA: Huyo shangazi ndiye aajiriwe! Lakini sikiliza, nimeisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7. Kinakataza kumbagua mtu kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri, na mengine. Kusoma sana sikukuona.

MAZENGO: Kwa hiyo bwana yuko sawa.

REHEMA: Hajavunja sheria, hilo sawa. Ila mshahara niliukubali mwenyewe. Yeye anauonea haya kwa niaba yangu?

MAZENGO: Anaogopa hasara.

REHEMA: Anaogopa mkaguzi ambaye hata hajamwita.

MAZENGO: Hilo umeliongeza wewe.

REHEMA: Hukuwepo.

MAZENGO: Dada, mwenye studio anaonyesha saa. Na tuliahidi mbinu tatu.

REHEMA: Barua ya maombi, namna ya kutaja mshahara... ya tatu unayo wewe.

MAZENGO: Iko kwenye simu. Simu inachaji kwa Mangi.

REHEMA: Basi wiki ijayo. Ila cheti sifichi.

MAZENGO: Na mimi funguo nisingekupa.

REHEMA: Zima maiki, Mazengo.