Chama Hutekwa Tawini

Mabibi na mabwana, wazee wetu, na nyinyi vijana mliopita hapa moja kwa moja kutoka kazini: asalaam aleikum, na ahsanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie kuvunjika moyo kwa wanachama wanaoona chama chao kimetekwa na kambi yenye itikadi yake. Hapa Mombasa malalamiko hayo husikika katika kila baraza ya kahawa: mtu aliyeshika kadi miaka mingi anasema chama alichojiunga nacho si hiki kilichopo, na siku ya mkutano wa tawi haonekani. Hoja yangu ni kwamba kule kutoonekana ndiko kunakokamilisha utekaji wenyewe.

Tuanze na KANU, chama kilichoitawala Kenya tangu uhuru, kwa kuwa iliwahi kuwa na mgogoro wa kiitikadi wa kweli, jambo ambalo vijana wa leo huliamini kwa shida. Novemba 1964 KADU, chama cha upinzani cha Ronald Ngala, ilijivunja, na watetezi wa majimbo, siasa ya kuipa mikoa madaraka yake, ambayo Wapwani wengi waliiona kuwa kinga yao, wakaingia katika chama kilekile kilichokuwa kikiipinga. Upinzani wa nje ulipokwisha, ugomvi ulikolea ndani. Upande wa kushoto walikuwepo Jaramogi Oginga Odinga, Bildad Kaggia na Pio Gama Pinto, aliyeuawa Februari 1965. Kaggia alidai wasio na ardhi wapewe mashamba ya walowezi bila kuyalipia. Upande wa pili alikuwepo katibu mkuu Tom Mboya, aliyeutetea kwa nguvu Waraka Rasmi Nambari 10 wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, waraka ambao wenzake wa kushoto waliuona hauna ujamaa wowote.

Kambi ya kushoto ilielewa mapema kwamba chama hakitwaliwi jukwaani. Chuo cha Lumumba, kilichofunguliwa Nairobi Desemba 1964, kilifunza makada wa kurudi matawini. Julai 1965 baadhi ya wanafunzi wake walijaribu kuyatwaa makao makuu ya KANU kwa nguvu, wakakamatwa, na chuo chenyewe hakikudumu. Jibu la mahasimu wao lilikuwa la ustadi zaidi. Machi 1966, katika mkutano wa Limuru, cheo cha makamu wa rais wa chama, alichokuwa nacho Odinga, kilifutwa na mahali pake vikawekwa vyeo vinane vya makamu. Hapakuwa na haja ya kumfukuza mtu. Odinga alitoka mwenyewe, akaongoza chama kipya cha upinzani, KPU. Bunge likapitisha sheria ya kuwalazimu wabunge waliohama chama warudi kwa wapiga kura kuchaguliwa upya. Na mwaka 1969 KPU ikapigwa marufuku.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama ushindi wa watu wa wastani. Mimi sikioni hivyo. Washindi waliigeuza katiba ya chama kuwa chombo cha kumwondoa mtu mmoja, na tangu hapo mwanachama wa kawaida hakuwa na sababu ya kwenda tawini kubishana juu ya ardhi au ujira wa wafanyakazi wa bandari, kwa sababu yaliyo muhimu yalikuwa yakiamuliwa kwingine. Yaliyofuata, hadi kura ya mlolongo ya 1988, ya kupanga foleni nyuma ya wagombea, baadhi yenu mnayakumbuka kuliko nitakavyoweza kuyaeleza.

Kwa wanaodhani haya ni maradhi yetu peke yetu, chama cha Labour cha Uingereza kilipitia jambo linalofanana. Kundi la Militant, lenye siasa za kimapinduzi za Trotsky, liliingia katika matawi yaliyokuwa na watu wachache na likapata nguvu kubwa katika baraza la jiji la Liverpool. Mwaka 1981 viongozi wanne waliochoshwa na mkondo wa chama kwa jumla walitoka wakaunda chama chao, SDP. Katika uchaguzi wa 1983 muungano wao na chama cha Liberal ulipata asilimia 25 ya kura na viti 23 tu, huku Labour, iliyowazidi kwa kura chache, ikiambulia viti 209. Waliokuja kuwatimua viongozi wa Militant wa Liverpool, baada ya Neil Kinnock, kiongozi wa Labour, kuwakabili hadharani mkutanoni Bournemouth mwaka 1985, ni wale waliobaki, na walibaki wakitukanwa.

Kambi zetu za siku hizi, kusema kweli, hazina itikadi ya kumtisha mtu. Kieleweke na Tangatanga, kambi mbili ndani ya chama cha Jubilee, ziligombania urithi wa urais wa 2022. Njia ya utekaji, hata hivyo, haijabadilika. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2022 yanaruhusu chama kuteua wagombea kwa kura za wajumbe badala ya mchujo wa wanachama wote. Anayeandika orodha ya wajumbe basi ndiye anayeteua, na orodha hiyo huanzia katika mikutano ileile ya tawi tunayoidharau.

Najua mtaniuliza kuhusu mgombea huru. Katiba ya 2010 inamruhusu, mradi asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na mimi mwenyewe simlaumu anayeichukua njia hiyo. Lakini akishachaguliwa ataingia katika bunge la kaunti ambalo nafasi za kamati hugawanywa kwa kuangalia nguvu za vyama, na atalazimika kuomba kura za hoja zake kwa watu walioletwa pale na wajumbe ambao yeye na marafiki zake hawakutaka kukaa nao mkutanoni.