Meli ya baba, siku tatu za mwana: Sayyid Khalid bin Barghash

Assalaam aleikum jamani, hamjambo huko nyumbani? Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, wa Tanga, Dar, Mombasa, na nyinyi mnaonitazama kutoka Maskati, karibuni. Mnisamehe kwa kelele za upepo, leo sipo ndani. Nipo Dumbarton, Uskoti, kama nusu saa kwa treni kutoka Glasgow ninakoishi. Huu mto nyuma yangu unaitwa Leven, na pale chini ya ule mwamba wenye ngome ndipo unapoingia mto Clyde. Maji yamekupwa, tope lote liko wazi, mnaliona? Basi hapa ndipo palipokuwa na karakana ya meli ya kina Denny.

Mwaka 1878 ilishushwa majini meli ya Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar. Kimbunga cha 1872 kilikuwa kimemvunjia merikebu zake. Mwaka uliofuata ikaja manowari ya Kiingereza, jina lake Glasgow, ikatia nanga mbele ya mji, na Sayyid akaipenda. Akaagiza yake kwa mfano ule ule, na jina akaipa lile lile. Mimi mtoto wa Mji Mkongwe nimekaa mji huu miaka sita, nikipita kila siku chini ya vibao vimeandikwa Glasgow, bila kujua kwamba Sultani wetu alikuwa na Glasgow yake pale Forodhani, ufukweni mbele ya mji. Nilipojua, nikasema lazima nije hapa.

Lakini leo si habari ya Barghash. Barghash mnamjua, aliyelijenga jumba la Beit al-Ajaib, aliyeuletea mji maji ya bomba. Leo nataka tumzungumze mwanawe, Sayyid Khalid.

Nitawaambia kilichonileta. Kazini kwangu, wakati wa mapumziko, wenzangu hupenda kuulizana maswali ya chemsha bongo. Juzi mmoja akauliza: vita vifupi kuliko vyote duniani ni vipi? Mwengine akajibu, vya Zanzibar, dakika thelathini na nane. Watu wakacheka. Si watu wabaya wale, wallahi, mmoja wao alinipikia supu nilipougua. Ila mimi nilishindwa kucheka. Nikakaa na kikombe changu cha chai mpaka kikapoa. Kwa sababu kwetu sisi pale ni mahali. Ni pale Forodhani tunapokula urojo jioni.

Sikilizeni basi ilivyokuwa.

Khalid alikuwa akikitaka kiti cha baba yake. Mwaka 1893, Sultani Sayyid Ali alipofariki, aliingia jumbani kukidai, akaambiwa atoke, akatoka. Waingereza wakamweka binamu yake, Hamad bin Thuwaini. Maana tangu 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya yao, na wao walijipa haki ya kumkubali au kumkataa anayetaka kutawala. Tarehe 25 Agosti 1896 Hamad naye akafa ghafla. Safari hii Khalid hakungoja mtu. Aliingia jumbani na watu wake, akajitangaza Sultani, bendera nyekundu ikapandishwa.

Balozi mdogo wa Uingereza aliitwa Basil Cave. Akamtumia maneno: toka. Khalid hakutoka. Zikakusanyika manowari tano za Kiingereza: St George, Philomel, Thrush, Racoon na Sparrow, na juu yao amiri Harry Rawson. Khalid akapewa mwisho wa muda, saa tatu kamili asubuhi ya tarehe 27. Saa mbili na nusu Khalid akatuma ujumbe kwamba hawana nia ya kuishusha bendera yao, na hawaamini kama Waingereza watawapiga. Cave akajibu kwamba hatupendi kupiga, lakini msipofanya mnavyoambiwa tutapiga.

Saa tatu na dakika mbili wakapiga.

Jamani, lile jumba lilikuwa na mbao nyingi, na milango imezibwa kwa masanduku na marobota ya bidhaa. Yalirushwa makombora kama 500 na risasi za bunduki za rashasha zaidi ya elfu nne, na baharini pale ni karibu, ni kama mtu kusimama barazani akarusha jiwe nyumba ya pili. Moto ukashika. Beit al-Hukm, moja ya majumba ya Sultani, iliharibika vibaya, na mnara wa taa pia. Na ile Glasgow, meli iliyotoka kwenye tope hili ninalowaonyesha, ilijibu mapigo kwa mizinga yake midogo, ikatobolewa, ikazama pale pale bandarini. Maji hayakuwa na kina, kwa hiyo milingoti ilibaki imechomoza. Ilichomoza hivyo miaka mingi, mpaka 1912. Hebu fikirini, mtu anakwenda sokoni, anarudi, akitazama bahari anaiona.

Bendera ya jumba ilipoangushwa na kombora, mizinga ikanyamaza. Wengine huhesabu dakika 38, wengine 45. Upande wetu waliouawa na kujeruhiwa, wanaume na wanawake, ni kama 500. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja, na akapona.

Hapa nataka niseme jambo linaloniuma, na najua litawaudhi baadhi yenu. Simpambi Khalid. Alikuwa mwana wa ufalme uliokula jasho la watumwa wa mashamba ya karafuu. Miongoni mwa watu 2,800 hivi waliokusanywa kulilinda jumba lile, walikuwamo mia kadhaa waliokuwa watumwa na watumishi wa jumbani. Hao hakuna aliyewauliza wanataka Sultani gani. Mwaka uliofuata, 1897, chini ya Sayyid Hamud aliyewekwa na Waingereza, sheria ya utumwa ikafutwa. Mmoja wa watumwa wale angeishi miezi michache tu zaidi, angeweza kudai uhuru wake. Alikufa nyuma ya robota la nguo. Yeye ndiye ninayemuwaza watu wanapocheka dakika thelathini na nane.

Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani na watu wake kama arubaini. Waingereza wakaweka walinzi mlangoni: akitia mguu nje tu, ashikwe. Alikaa mle zaidi ya mwezi. Wajerumani hawakutaka kumtoa, ila namna ya kumsafirisha bila kukanyaga ardhi ya Zanzibar ndiyo iliyokuwa tabu.

Sasa nyinyi wavuvi na watu wa pwani mtaipenda hii. Walingoja maji makubwa. Tarehe 2 Oktoba ikaja manowari ya Kijerumani, Seeadler. Maji yalipojaa yakapanda mpaka kwenye bustani ya ubalozi, mashua ikasogea hadi mlangoni. Khalid akanyanyua mguu kutoka ardhi ya Wajerumani akautia ndani ya mashua ya Wajerumani. Mchanga wa Unguja hakuugusa. Mimi nimezaliwa karibu na maji yale, nimekulia kwenye kupwa na kujaa, na kila nikiifikiria hatua ile moja, roho inanisisimka.

Wakampeleka Dar es Salaam. Akakaa huko miaka ishirini kasoro kitu, mtu anayejiita Sultani bila nchi, mwendo wa siku moja tu kwa chombo kutoka kwao. Mwaka 1916, katikati ya vita vikuu, Waingereza walipoiingia Afrika Mashariki ya Kijerumani, wakamkamata. Wakamhamisha mbali: St Helena, kisiwa kile kile walikomfungia Napoleon, na Shelisheli. Mwisho wakamruhusu arudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927.

Yaani baada ya ile asubuhi aliishi zaidi ya miaka thelathini. Kwenye chemsha bongo miaka hiyo haimo.

Haya, baridi imeniingia mpaka mifupani, na maji yameanza kurudi, tazameni lile tope linavyofunikwa. Nina ombi kwa watu wa Mombasa. Kama kwenu kuna mzee ambaye wazazi wake walimwahi Sayyid Khalid, au anajua mtaa aliokaa, mrekodini kwa simu, hata kama ni dakika mbili, mnitumie. Msiseme mpaka Ramadhani. Nendeni wiki hii, mbebeeni na halua.