Picha ya Mgongo Haipigi Picha Maumivu

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko na Daudi kama kawaida. Leo ni picha za MRI, zile za mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, na nataka tuanze na ile karatasi ya majibu. Mtu anaumwa kiuno, anapimwa, anarudi na maandishi kwamba diski, ule mto laini ulio kati ya pingili mbili za mgongo, imechakaa na imetuna kati ya pingili ya nne na ya tano. Anavyoelewa yeye, mgongo wake umekwisha.

DAUDI: Na wengi kuanzia siku hiyo wanaogopa hata kuinama. Mimi ninapoona majibu ya namna hiyo najiuliza: diski hii ingeonekana hivihivi kama mtu huyu asingekuwa na maumivu? Ukiwapiga picha wagonjwa peke yao hupati jibu. Lazima uwapige picha watu wasioumwa chochote.

ZUHURA: Kuna aliyefanya hivyo?

DAUDI: Wako wengi. Utafiti ninaoupenda ulitoka mwaka 1994 kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Maureen Jensen na wenzake waliwapima kwa MRI watu 98 wasio na maumivu ya mgongo. Picha zao zikachanganywa na za watu wenye maumivu, ili madaktari wanaozisoma wasijue ya nani ni ipi. Sasa sikia: zaidi ya nusu ya wale wasioumwa, asilimia 52, walikuwa na angalau diski moja iliyotuna. Asilimia 27 walikuwa na diski iliyochomoza, yaani iliyotokeza zaidi sehemu moja. Waliokutwa na diski zote za kawaida walikuwa asilimia 36 tu.

ZUHURA: Yaani mwenye picha safi ndiye alikuwa mchache.

DAUDI: Ndiyo. Mwaka 2015 kikundi kingine kikakusanya tafiti 33 za aina hiyo, watu 3,110 wasio na maumivu, wakazipanga kwa umri. Kwenye umri wa miaka 20, asilimia 37 tayari walikuwa na dalili za kuchakaa kwa diski. Kwenye miaka 80, asilimia 96.

ZUHURA: Miaka ishirini, Daudi! Huyo ni kijana kabisa.

DAUDI: Kijana, tena hana habari. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Chakula chake kinapenya polepole kutoka kwenye mifupa iliyo juu na chini yake, kwa hiyo mapema sana inaanza kupoteza maji. Na kuna picha za MRI ambazo maji hutokea meupe. Diski yenye maji inang'aa, iliyokauka inakuwa nyeusi. Mgonjwa akionyeshwa ile diski nyeusi kwenye kioo, anashtuka. Lakini kwa wengi ni kama mvi, inaonyesha miaka imepita.

ZUHURA: Hapo nakubishia kidogo. Wapo watu ambao diski imebana neva kwelikweli, na wanateseka. Wakisikia "ni kama mvi" wataona hatuwaamini.

DAUDI: Una haki, dada. Maumivu yao ni ya kweli kabisa. Ninachosema ni kwamba picha na mwili viulizwe pamoja. Chukua neva inayoitwa L5. Ikibanwa, maumivu yanashuka mguuni, ganzi inakaa juu ya wayo, na kidole gumba cha mguu kinakuwa kizito kuinua. Mgonjwa akieleza hivyo, daktari akampima akakuta hivyo, na picha ikaonyesha diski imebana neva ileile, upande uleule, hapo una jambo la kushika. Lakini mguu unaoumwa ukiwa wa kulia na diski imechomoza kushoto, hiyo diski usiihukumu haraka.

ZUHURA: Na yule ambaye hatakiwi kusubiri hata kidogo?

DAUDI: Asante kwa kulileta. Ganzi kwenye mapaja kwa ndani na sehemu za siri, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila kujua, miguu yote miwili kulegea: huyo aende hospitali leo hii. Neva za chini ya uti wa mgongo zinaweza kuwa zimekabwa zote kwa pamoja, na MRI hapo ni ya dharura. Vilevile maumivu ya mgongo yenye homa, au ya mtu aliyewahi kuugua saratani, yachunguzwe mapema.

ZUHURA: Kuna jambo ulinieleza kabla ya kurekodi, kwamba diski yenye sura mbaya zaidi ndiyo hupona zaidi. Sikuamini.

DAUDI: Wengi hawaamini. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2015 yalifuatilia diski za watu waliotibiwa bila upasuaji. Zilizotuna tu, asilimia 13 zilirudi nyuma. Zilizochomoza, asilimia 41. Zile ambazo kipande kimekatika kabisa kikaelea peke yake, asilimia 96.

ZUHURA: Kwa nini iwe hivyo?

DAUDI: Kwa sababu kipande kikishatoka kinafika penye damu. Seli za kinga zinakiona ni kitu kigeni, zinakishambulia na kukila taratibu. Iliyotuna bado imefungwa ndani ya ganda lake, kinga haiifikii. Sasa fikiria mtu anayeangalia picha bila kulijua hilo. Atamwogopa zaidi mgonjwa mwenye nafasi nzuri zaidi ya kupona.

ZUHURA: Twende kwenye ubongo. Na huko wasioumwa wana mambo?

DAUDI: Wanayo. Huko Rotterdam, Uholanzi, watu 2,000 wa kawaida walipigwa MRI ya ubongo, matokeo yakatoka mwaka 2007. Asilimia 7.2 walikuwa na makovu ya kiharusi ambacho hawakuwahi kukihisi. Asilimia 1.8 walikuwa na mshipa wa damu uliotuna, na 1.6 walikuwa na uvimbe usio wa saratani. Ndiyo maana siungi mkono mtu mwenye afya kujipimisha kichwa kizima kwa kutaka tu kujua. Atapata kitu, kisha ataishi na hofu ya kitu ambacho pengine kisingemsumbua maisha yake yote.

ZUHURA: Na zile picha za ubongo unaowaka rangi kila mtu anapofikiri?

DAUDI: Mashine ni ileile ya MRI, na haioni fikra. Inafuata mabadiliko ya oksijeni kwenye damu, njia iliyofunguliwa na mtafiti Seiji Ogawa mwaka 1990. Ubongo unagawanywa vipande maelfu kwa maelfu, na kila kimoja kinapimwa peke yake. Ukipima mara nyingi hivyo, bahati tu itakupa vipande vinavyowaka. Mwaka 2009 mtafiti Craig Bennett na wenzake waliweka samaki aliyekufa ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu. Bila kusahihisha hesabu, ubongo wa samaki "ulifanya kazi". Waliposahihisha, kila kitu kilitoweka. Ni somo lilelile: ujue kwanza mashine yako inaonyesha nini mahali ambapo hakuna kitu.

ZUHURA: Basi kwa nini ile karatasi ya majibu isiandikwe tu kwamba hali hii ni ya kawaida kwa watu wa umri huu?

DAUDI: Limejaribiwa, Marekani, kwa wagonjwa wengi sana, matokeo yakatoka mwaka 2020. Huduma za mgongo hazikupungua kwa ujumla. Dawa kali za maumivu za jamii ya opioidi zilipungua kidogo tu. Mimi bado nataka maneno hayo yaandikwe, mgonjwa ana haki ya kuyajua. Ila sentensi mbili kwenye karatasi haziwezi kufanya kazi ya daktari aliyekaa chini akaeleza.

ZUHURA: Msikilizaji mwenye karatasi yake mkononi amuulize nini huyo daktari?

DAUDI: Amuulize kama kilichoonekana kinalingana na mahali anapoumwa. Na kama kingekuwa hakipo, je, matibabu yangebadilika? Swali hilo la pili alisisitize.