Homa ya Mchungaji Huanzia Zizini

Mhadhara uliotolewa Mwanza mbele ya wanafunzi wa uuguzi, maafisa ugani na wafugaji

Mwangaluka wazee wangu. Wanafunzi, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie Afya Moja: afya ya watu, ya wanyama na ya mazingira kuwa jambo moja. Mimi ni mtu wa mifugo, kwa hiyo nitaanzia lamboni.

Hapa mjini tunaliona ziwa kila asubuhi, tukadhani mkoa mzima umeshiba maji. Shika barabara ya Shinyanga, ukifika Hungumalwa kata kona kwenda Ngudu, mwezi wa tisa. Mbuga imepasuka nyufa za kumeza mguu. Maji yamebaki lamboni tu, nayo yana rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe wamezama hadi magotini, wanakunywa na kukojoa humo humo. Hatua chache kutoka hapo mama amechimba kishimo mchangani, anachota kwa kata, anasubiri yajichuje, anachota tena. Watoto wanaogelea. Kwenye majani ya ukingoni wapo konokono wanaobeba kichocho, cha watu na cha ng'ombe pia, maana ng'ombe nao wana chao. Sasa niambieni, lambo hili ni la wizara gani? Maji? Mifugo? Afya? Mazingira? Kila mmoja huja na gari lake, siku yake.

Nilipokuwa bwana mifugo wa kata niliitwa kwenye boma moja ambako mitamba wawili walikuwa wametupa mimba. Pembeni ya zizi kijana mchungaji alikuwa amejilaza juani, amejifunika shuka. Homa ilikuwa ikimwacha na kumrudia kwa miezi; usiku jasho, mchana mgongo na viungo. Zahanati walikuwa wamemtibu malaria mara tatu na taifodi mara moja. Nikauliza ni nani aliyewashughulikia wale mitamba. Akanyoosha mikono yake, ina michubuko ya miiba kila mahali. "Ni mimi. Kondo ilikwama, nikaivuta."

Alipopimwa alikutwa na brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba. Alipewa dawa za aina mbili kwa pamoja, wiki sita bila kukatisha, akapona. Lakini miezi ile yote hakuna aliyemuuliza habari za ng'ombe. Na mimi nakiri mbele yenu: nilikuwa nimeingia mazizi mengi kabla ya hapo bila kuuliza ndani ya nyumba kuna nani anaumwa.

Vijidudu hivi hupita pia kwenye maziwa mabichi. Wengi wetu tumekuzwa na mgando, nami naupenda, lakini uchachu wake usiutegemee kuviua. Chemsha kwanza, kisha gandisha. Na kondo, na ndama aliyetoka mfu, usimrushie mbwa. Funika mikono, chimba shimo, zika.

Ukame una hila nyingine. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa mwaka 1931 karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Mbu wanaoibeba hutaga kwenye mabonde yanayojaa maji wakati wa mvua, na mayai yao hukaa kwenye udongo mkavu miaka na miaka, hayafi. Ikija mvua kubwa mabonde yakajaa, mbu huanguliwa kwa wingi. Kondoo na mbuzi hutupa mimba karibu kundi zima, ndama na wanakondoo wanakufa, kisha wanafuata watu. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua watu zaidi ya 100 hapa Tanzania. Anayeiona dalili ya kwanza ni mfugaji. Kwa hiyo maboma matano yakitupa mimba wiki moja baada ya mafuriko, zahanati ijue siku hiyo hiyo, isisubiri taarifa ipande wilayani kwanza ndipo ishuke.

Nchi yetu inalo Dawati la Afya Moja, la kuunganisha kazi za wizara hizi, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ni jambo jema sana. Ila kule chini kwenye kata, bwana mifugo na mganga wa zahanati wanahitaji tu kuwa na namba za simu za kila mmoja.

Wazee wa Kisukuma wanaijua ngitili. Mvua zikianza unalifunga eneo la malisho, haligusi mtu mpaka kiangazi kikali. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, uliirudisha kwa nguvu, na miti ikarudi nayo. Penye ngitili ng'ombe hawakokotwi siku nzima kutafuta majani, makundi hayasongamani kwenye lambo moja lililobaki, na nyumbani maziwa yapo.

Yule mama wa kishimo nilimuuliza kama maji yale anayachemsha. Akanitazama kidogo, akasema, "Mwanangu, kuni ziko mbali kuliko maji." Swali hilo linawahusu wenzangu wa misitu. Naona mmoja yuko pale nyuma. Naomba apewe kipaza sauti.