Mwaka Ambao Mgeni Alimpa Mwenyeji Jembe

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja na mvua hii. Nimeombwa nizungumzie vita kwa upande wa mataifa madogo, na najua methali mnayoingojea: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ngojeni kwanza. Nawapeleka Aisilandi, kisiwa cha kaskazini mwa Atlantiki, mwaka 1940. Watu wake wote ni kama 120,000. Jeshi hawana kabisa.

Mfalme wanaye, lakini ni wa kushirikiana: Christian wa Kumi wa Denmark. Tangu Desemba 1918 wao ni dola kamili, ila mambo ya nje wamewaachia Wadenmark wawashughulikie. Aprili 9, 1940, Ujerumani inaivamia Denmark, na siku hiyohiyo Denmark inasalimu amri. Basi ghafla watu hawa wana mfalme asiyefikika, na msemaji wao ugenini ametiwa kizuizini. Kesho yake bunge lao, Althingi, likapitisha maazimio: madaraka ya mfalme yashikwe na serikali ya Reykjavik, mji mkuu wao, na mambo ya nje tutayaendesha wenyewe. Yatima akajipa urithi, tena bila kugombana na mtu.

Uingereza ikawaambia, njooni upande wetu. Wakakataa. Sasa msidhani walikuwa wakimpendelea Mjerumani. Mwaka mmoja nyuma, 1939, shirika la ndege la Lufthansa lilitaka ruhusa ya kutua kisiwani, na waziri mkuu, Hermann Jónasson, alilinyima. Likumbukeni hilo la viwanja vya ndege.

Tufike Ijumaa ya Mei 10. Waingereza wamechoka kubembeleza, wanakuja kwa nguvu. Wameleta askari wa majini 746, wengi wao makuruta, na wamesafiri wakitapika. Walitaka waingie kimyakimya, lakini manowari yao mojawapo ikarusha ndege ikatazame kama kuna nyambizi, na ndege ile ikazunguka juu ya Reykjavik watu wamelala. Mji mzima ukaamka! Askari walipofika gatini walikuta watu wamejaa wanawatazama. Ikabidi balozi mdogo wa Uingereza amwombe ofisa wa polisi awasogeze watu nyuma kidogo ili wavamizi wapate pa kushukia. Ofisa akawasogeza. Husimuliwa pia kuwa mwenyeji mmoja alimpokonya askari bunduki, akachomeka sigara kwenye mtutu, akamrudishia na kumwambia awe mwangalifu nayo.

Nyumbani kwa balozi mdogo wa Ujerumani, Gerlach, kulikuwa na moshi. Alikuwa anachoma nyaraka ndani ya beseni la kuogea. Akawalalamikia Waingereza kwamba nchi hii haina upande katika vita. Wakamkumbusha kuwa Denmark nayo haikuwa na upande.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Serikali ilifanya mambo mawili siku ile. Iliandika barua ya kupinga: mmevunja uhuru wetu, tunadai fidia. Na jioni Jónasson akaingia redioni, akawaomba wananchi wawachukulie askari hao kama wageni. Wapo wanaosema huo ni unafiki. Mimi sioni hivyo. Angalieni siku yenyewe: Wajerumani wameingia Uholanzi, Ubelgiji na Luxemburg, na jioni hiyo Churchill anakuwa waziri mkuu London. Nani angesikia kilio cha Reykjavik? Barua ile iliandikwa kwa ajili ya siku ya kudaiana. Aliyekaribisha mtu kwa hiari hamdai kodi ya chumba, aliyevamiwa anadai. Na Waingereza waliahidi: fidia, biashara nzuri, kutoingilia utawala, na kuondoka vita vikiisha.

Kisha ikaja kazi. Miaka ya thelathini ilikuwa ya shida pale. Waliishi kwa samaki wa chumvi, tuseme ng'onda wao, na soko lao kubwa, Hispania, lilikufa kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vijana walishinda bandarini hawana kibarua. Sasa jeshi linataka barabara, magati, mabanda ya bati. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule mgeni ndiye aliyemkabidhi mwenyeji jembe, na mshahara juu. Wakaiita kazi ya Waingereza. Askari waliongezeka hadi kama 25,000, na mji mkuu wenyewe haukuwa na watu 40,000. Mnaweza kuwaza zogo la mabinti na askari; wazee waliliita kwa neno moja tu, "hali", na serikali ikawachunguza wasichana kwa namna ambayo leo ni aibu kuisoma.

Nyasi zilinawiri, basi? Kwa nchi kavu, ndiyo. Wapo waliothubutu kuviita vita vyenye baraka. Lakini samaki wale waliouzwa bei nzuri Uingereza walipaswa kuvuka bahari. Machi 1941 meli ya uvuvi Reykjaborg, ikiwa njiani kwenda Fleetwood, bandari ya Uingereza, ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani. Mwezi huohuo Ujerumani ikatangaza maji ya Aisilandi kuwa uwanja wa vita. Baraka hiyo mjane wa mvuvi angeiitaje?

Mei 1941 Althingi likatamka kuwa nchi ina haki ya kuuvunja muungano na Denmark. Mwezi wa Juni wakamchagua Sveinn Björnsson ashike nafasi ya mfalme, na Julai Wamarekani wakaja kupokea zamu, safari hii kwa mkataba. Jamhuri ilitangazwa Juni 17, 1944.

Na kile kiwanja cha ndege? Waingereza walikijenga karibu kabisa na katikati ya Reykjavik, bila kumngoja Jónasson akubali. Ndege za safari za ndani zinatua hapo mpaka leo, na wenyeji bado wanabishana kama kihamishwe.